Matumba ya Tarehe Tatu Aprili

Kituo cha Majaribio ya Pamba,
Nachingwea,
14 Aprili 1953.

Nyapara Seleman,

Karani Isihaka atakusomea barua hii, kwa kuwa wewe kusoma hukujaliwa. Akusomee yote, asiruke neno.

Nimeletewa habari kwamba katika shamba letu la majaribio hapo Nkowe, mstari wa tatu, matumba saba yenye uzi yamechumwa mabichi. Saba kwa wiki moja! Waeleze watu tena kazi yetu, pengine wanadhani nyuzi zile ni mapambo. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe. Asubuhi hiyo hiyo unalifunga uzi na kibati ambacho karani amekiandika tarehe, nami naanza kuhesabu. Kwa siku ishirini hivi za mwanzo, kila unywele wa pamba ndani ya tumba unarefuka tu. Ni mrija mtupu wenye ngozi nyembamba na maji ndani yake. Kisha unaacha kurefuka, unaanza kunenepa kwa ndani. Kitu kinachounenepesha wataalamu wanakiita selulosi, ndicho nguvu yote ya nguo uliyovaa. Hulala tabaka kwa tabaka, kila siku tabaka moja, mpaka siku ya hamsini hivi tumba linapopasuka na kila unywele unakauka, unabonyea na kujisokota. Usiposokoteka haufai kitu.

Mimi nahitaji tumba la kila umri, nilitie kwenye chupa yake. Anayechuma kwa kuchezea amenichania kitabu.

Sasa sikiliza. Utakayemkamata na tumba lenye uzi, usimpeleke kwa jumbe, jumbe ana huruma. Mlishe tumba hilo hilo pamoja na ganda lake, mpaka alimeze. Akishashiba pamba hatarudi.

Mbaruku Chitanda,
Msaidizi wa Maabara.


Nkowe, Ruangwa,
12 Mei 1953.

Mdogo wangu Baruku,

Mimi dada yako Sikuzani nasema, na Karani Isihaka anaandika. Salamu utazipokea kwa Mjomba Kaimu atakayekuletea barua hii, mimi sina moyo wa salamu. Mume wangu Halfani wamemchukua. Wanasema kamwua Nyapara Seleman, na kwa kosa hilo mtu hunyongwa.

Ugomvi ulisimuliwa na Halfani hospitali, lakini nataka uusikie kwangu mimi niliyekuwapo. Jumatatu ile tarehe 27 Aprili tulikuwa tunapalilia. Halfani ana homa, ameketi. Seleman akaja na kiboko chake. "Bwana harusi, umechoka?" "Nina homa, nyapara." "Homa ya kitanda hiyo, ipeleke kwa mkeo." Akamchapa cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikahesabu mpaka saba. Cha nane Halfani akamrukia, wakaanguka wote wawili kwenye matuta, na Halfani akamng'ata sikio mpaka likabaki kinywani mwake. Akalitema. Seleman akachukua rungu akamvunja mkono, mfupa nikauona mweupe. Na mume wangu, kwa ujinga wake, akapiga kelele watu wote wanasikia, "Nitakuua, Mungu shahidi yangu!"

Jumatano tarehe 29 akaondoka kuja kwenu Nachingwea kufungwa mkono, na wewe mwenyewe ulimpelekea uji wodini. Seleman naye, jioni ile ile ya ugomvi, aliwaambia watoto kisimani anakwenda Chiola kwa mke wake mdogo, sikio lipone. Hakuna aliyemwona tena. Jumamosi tarehe 9 Mei, siku ile Halfani aliporudi, harufu ikawapeleka watu kwenye kibanda cha shambani. Seleman alikuwa ndani. Kisogo kimepasuka na kinywa kimejazwa matumba ya pamba mabichi, mpaka taya limeachana.

Askari wanasema aliuawa siku ile ya ugomvi au kesho yake, kwa kuwa baada ya hapo hakuonekana. Daktari hakuletwa, maiti ilikuwa haikaliki. Wakasema azikwe upesi.

Mjomba Kaimu ndiye aliyemwosha, maana Seleman ni Mngoni na sisi ni watani wao. Hata hapo hakuacha utani wake. Alimchokoa kinywa huku amejifunga kitambaa puani, akamwambia maiti, "Wee Mngoni, ulafi huu! Nyama umeila, kuku umewala, hata pamba?" Watu wakacheka, wengine wakatapika. Nusu ya pamba ile askari wameiweka kwenye kopo. Nusu Mjomba aliifunga kwenye jani, pamoja na uzi na kibati chake. Kibati kimeandikwa 3/4. Nimemwambia akuletee, kwa kuwa wewe na pamba mnazungumza. Iulize.

Ni mimi dada yako,
Sikuzani.

Mwandishi anaongeza: Nisamehe, Bwana Mbaruku, kwa mwandiko mbaya. Nimefiwa na mke wangu Fatu Jumamosi tarehe 2, kwa homa. Isihaka.


Nachingwea,
20 Mei 1953.

Dada yangu Sikuzani,

Kwanza mpe pole Isihaka. Sikujua. Fatu nilimwona harusini kwake, alikuwa mtoto bado.

Sasa sikiliza vizuri, na Isihaka akusomee polepole. Pamba imejibu.

Mjomba alifika tarehe 14. Kesho yake mfungo ukaingia, nikawa nafanya kazi na saumu, macho yanauma. Nilichukua unywele mmoja mmoja kutoka kwenye pamba ya jani, nikaukata vipande, nikautia katika soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Unywele wenye selulosi ukitiwa humo huvimba kama kunde zilizolowekwa, na chini ya hadubini yale matabaka ya kila siku yanaachana, unayaona kama kitunguu kilichokatwa. Unywele mchanga sana hauvimbi, unabaki bapa kama utepe. Huu ulivimba. Nimehesabu nywele sitini. Arobaini na moja zina matabaka kumi na moja. Zilizobaki zina kumi au kumi na mbili.

Kibati kinasema ua lilifunguka tarehe 3 Aprili. Matabaka huanza siku ya ishirini. Ishirini na kumi na moja ni thelathini na moja. Tumba likichumwa halikui tena, linabaki na umri wake. Kwa hiyo matumba yaliyomjaza Seleman kinywa yalitoka mtini tarehe 4 Mei, Jumatatu, au karibu na hapo. Siwezi kuapa kwa siku moja wala mbili, kwa sababu siku ya mawingu tabaka huwa hafifu. Lakini kama yangechumwa tarehe 28 Aprili yangekuwa na matabaka matano. Nimelinganisha na chupa zangu za mstari ule ule: siku ya ishirini na tano, matano, siku ya thelathini, kumi. Kati ya matano na kumi na moja hakuna wa kubishana.

Tarehe 4 Mei Halfani alikuwa wodini, mkono umening'inizwa, na mimi niko mbele yake. Kwenye shajara yangu ya siku hiyo nimeandika: "Uji kwa shemeji. Analalamika hauna sukari."

Hajaua mtu, dada.

Mjomba arudi upesi aweke dole gumba kwenye karatasi kwamba pamba hii ilitoka kinywani mwa maiti, ndipo niipeleke kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Na wewe uliza kimyakimya: Jumatatu tarehe 4 ni nani alionekana mstari wa tatu?

Mdogo wako,
Mbaruku.


Nkowe, Ruangwa,
27 Mei 1953.

Kaka yangu mpendwa Mbaruku,

Barua yako imefika na nimesomewa. Nakushukuru kwa taabu yako. Lakini mambo yamebadilika. Halfani amekwisha kukiri mbele ya wakubwa kwamba alimwua marehemu, na pamba aliitia baadaye rafiki yake mmoja ambaye hakumtaja. Kwa hiyo hesabu yako haina faida tena. Ukiitoa, watasema unamficha shemeji yako, utapoteza kazi bure. Mjomba Kaimu ni mgonjwa, hawezi kusafiri.

Tafadhali ichome pamba hiyo. Ni pamba ya maiti, haifai kukaa nyumbani mwa mtu.

Dada yako,
Sikuzani.


Nachingwea,
2 Juni 1953.

Kwa Mwuguzi Dionisia,
Zahanati, Nkowe.

Bibi Dionisia,

Hatujuani, ila Protasi dereva wa lori ananiambia wewe ni mtu unayesema ukweli hata unapokuudhi mwenyewe. Anakuletea barua hii mkononi mwako, isipite kwa karani wa jumbe.

Dada yangu Sikuzani, mke wa Halfani, hajui kusoma. Barua zake zote huandikwa na kusomwa na Karani Isihaka. Hii ya mwisho si ya dada yangu. Ananiita kaka. Amenizidi miaka tisa, amenibeba mgongoni, hajapata kuniita kaka hata kwa mzaha. Tena dada yangu hawezi kusema neno la mumewe bila kumtukana kidogo ndani yake.

Nimekuwekea nakala ya barua yangu ya tarehe 20 Mei. Umsomee yeye peke yake, kisha umwulize yeye dada, Isihaka alimsomea nini. Kama alimsomea haya haya, mimi ni mjinga na naomba radhi. Kama hakumsomea haya, asimwambie Isihaka neno mpaka nifike na askari.

Mbaruku Chitanda.


Nkowe,
10 Juni 1953.

Bwana Mbaruku,

Tumsifu Yesu Kristu. Ulitaka dada yako asiseme neno. Hakusema.

Nilimsomea jikoni kwake. Nilipofika kwenye "kumi na moja" akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Na Isihaka aliyaona maneno haya?" Nikasema ndiyo, yamo kwenye barua aliyoipokea. Akasema, "Mimi aliniambia pamba imeoza, haisemi kitu. Nikalia, akanipa leso yake." Kisha akachukua mchi.

Nilimkimbilia, lakini mimi ni mnene. Isihaka alikuwa kwenye baraza la jumbe anaandika kodi za watu. Sikuzani alimpiga mdomoni, pigo moja. Meno matatu yakaanguka juu ya daftari. Alipojaribu kusimama akampiga goti, nikasikia linavunjika. Watu wakajaa. Sikuzani akapiga kelele, "Huyu anajua nani kamwua Seleman, na anamwacha mume wangu anyongwe!" Mjomba wenu Kaimu akasema tumwulize kwanza. Nani alimsikiliza? Vijana wakaenda kuichoma nyumba yake, na mama yake, Bi Mwamina, amekaa mlangoni hataki kutoka. Ndipo Isihaka akasema, damu inamtoka, "Mtoeni mama. Ni mimi niliyemwua. Mtoeni mama yangu."

Walimtoa kwa kumburuta, kanga imeshika moto. Sikio na shavu la kushoto vimeungua.

Halafu ikatokea sauti, sijui ya nani, "Mlisheni naye!" Wakakimbilia shambani, wakarudi na matumba kwenye mashati. Walikuwa wanamfungua kinywa kile kilichong'oka meno kwa mpini wa jembe. Nikamlalia. Nilipigwa mateke, mbavu mbili zinaniuma hata sasa ninapoandika. Nikawaambia, "Mkimwua huyu, ni nani atakayemwambia jaji kwamba si Halfani?" Hilo wakalielewa. Huruma hawakuwa nayo.

Askari wamemchukua jana kwenda Lindi. Nilipokuwa namfunga goti alinipa kopo dogo la tumbaku alilolificha kiunoni, limefungwa kwa kamba. Alisema, "Mpelekee Mbaruku. Ahesabu na hii." Sikulifungua. Protasi anakuletea.

Dada yako anasema: "Mwambie Baruku nimemvunja. Na mwambie ule mkono mwingine wa Halfani ukirudi mzima, nitauvunja mwenyewe kwa yale maneno yake ya Mungu shahidi."

Dionisia.


Lindi, gerezani,
28 Juni 1953.

Bwana Mbaruku,

Nimeomba karatasi, nikapewa mbili. Kalamu ni ya askari, anaisubiri.

Nadhani umekwisha kuhesabu pamba ya kwenye kopo. Ilitoka kooni mwa mke wangu. Niliitoa kwa vidole vyangu Jumamosi tarehe 2 Mei, kabla ya adhuhuri, na alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Wengine hutamani udongo, yeye alitamani tumba changa, ule utamu wake mdogo. Mimi nilimkataza. Alikwenda mstari wa tatu kwa sababu alijua nyapara yuko Chiola. Hakuwa Chiola. Alikuwa amejificha kibandani, anaona haya, hataki watu wamwone bila sikio.

Fatu alirudi kwa magoti. Hakuweza kusema, alinionyesha kinywa, kisha akaelekeza kidole kwenye kibanda cha shambani. Mama yangu ndiye aliyemwosha, akayaona yaliyobaki kooni, nikamwambia anyamaze. Nikawaambia watu ni homa. Nilimzika Jumapili.

Sasa inua pamba iliyo kwenye kopo. Chini yake kuna karatasi imekunjwa mara nne. Ni barua yako ya tarehe 14 Aprili.

Seleman alikuwa ananiachia barua zake zote nimtunzie. Hiyo nilimsomea mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, akasema, "Rudia hapo pa kushiba." Nikarudia. Na mimi nilicheka, Bwana Mbaruku. Tulicheka pamoja. Ulikuwa umeandika vizuri.

Nilipomwendea kibandani sikwenda kumwua, au labda nilikwenda, sijui. Nilimwuliza, "Umemfanya nini mke wangu?" Hakukana. Akasema, "Mimi nimetii barua. Si wewe uliyenisomea?" Jembe langu nilikuwa nimeliegemeza mlangoni.

Halfani sikumchukia. Nilipoandika barua ya kwanza ya dada yako niliijua kazi yako, nikasema moyoni, akiweza kuhesabu na ahesabu. Lakini jibu lako lilipofika, nikalisoma peke yangu kwanza, nikaogopa kufa. Ni hilo tu.

Barua yako sijamwonyesha mtu. Wakili niliyepewa hajui kama ipo. Wanasema kesi ni mwezi wa nane. Nakuachia wewe.

Isihaka bin Mbwana.


Nkowe,
19 Julai 1953.

Mdogo wangu Baruku,

Anayeandika ni Dionisia, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Halfani amerudi. Mkono umepona umepinda. Vidole viwili havishiki, anakula kwa kushoto kama asiyefunzwa, lakini anakula. Amekwisha kunigombeza kwa chumvi.

Barua yako ya tarehe 6 nimesomewa mara mbili. Unaniuliza ufanye nini na karatasi ile. Unaniuliza mimi? Ichome! Fatu hawezi kurudi. Seleman amekwisha kuoza. Isihaka alikuwa tayari kumwona mume wangu anakatwa pumzi, huku ananipa leso nijifute. Mwache naye aionje kamba. Wewe uliandika maneno ya hasira, nani hasemi? Mama alikuwa akituambia kila siku, "Nitawameza," na hakutumeza. Ukiitoa barua ile wazungu watakufukuza, na ndugu zako wanne wako shule kwa mshahara wako.

Halfani naye anasema kitu chake, nakiweka kwa sababu nimeahidi. Anasema: "Mimi nimekaa ndani wiki saba nikisubiri mtu mmoja tu aseme anachokijua."

Mimi simsikilizi, na wewe usimsikilize.

Dada yako,
Sikuzani.


Lindi,
4 Septemba 1953.

Dada yangu,

Kesi ya Isihaka imekwisha jana. Naandika kwa utaratibu ili usisikie kwa watu.

Barua sikuichoma. Nilimpelekea wakili wake pamoja na kopo. Wakili ni kijana wa Kihindi, mpole. Alipomaliza kuisoma akasema, "Wewe unajua unanipa nini?" Kisha akanieleza sheria. Mtu akichokozwa vikali na akaua pale pale, damu ikiwa bado inachemka, haitwi mwuaji wa kukusudia. Anafungwa, hanyongwi. Lakini akikaa, akatulia, akaenda siku nyingine, hiyo ni kamba. Kwa hiyo shingo ya Isihaka ilikuwa kwenye jambo moja: kati ya Fatu na Seleman zilipita siku ngapi?

Pamba ya Fatu nilikuwa nimeihesabu tangu Juni. Kibati kilichokuwa ndani ya kopo nacho kinasema 3/4, tarehe 3 Aprili vilevile. Matabaka tisa. Ya Seleman, kumi na moja.

Nilisimama kizimbani mwa mashahidi tangu saa tatu. Barua yangu ilisomwa kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Katika Kiingereza ilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja wa baraza, kati ya wale wanaomshauri jaji, aliinamisha kichwa. Bwana wangu wa kituo alikuwa amekaa nyuma, akaondoka kabla haijaisha. Kazi sina tena tangu jana jioni, na hilo tutalizungumza nyumbani.

Halafu wakili wa Serikali akainuka. "Bwana Chitanda, wewe ni mtu wa kuhesabu. Tisa na kumi na moja, tofauti yake ni nini?"

"Mbili, bwana."

"Kila tabaka ni siku moja?"

"Kwa kawaida."

"Basi mshtakiwa alikaa siku mbili nzima na hasira yake mfukoni?"

Dada, hapo nilikuwa na jibu la kweli, si la uongo. Ni lile nililokuandikia mwezi wa tano. Nikasema, "Naweza kuapa kwa tofauti ya matabaka matano. Kwa mawili siwezi kuapa. Siku ya mawingu tabaka linafifia, na unywele wa tumba moja haulingani na wa jirani yake. Huenda matumba yale yalichumwa siku moja."

Wakili wa Isihaka alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Jaji akaandika. Akaniuliza tena, nikasema vilevile. Nikamwona mzee wa baraza anamtikisia mwenzake kichwa, ndiyo.

Isihaka akasimama. Goti halikunji, alisimama kwa kushika nguzo. Askari akamwambia aketi. Hakuketi. Kwa sababu ya meno maneno yake hayakutoka sawasawa, lakini nilimwelewa, na mkalimani alimwelewa.

"Mheshimiwa, hesabu yake ya kwanza ndiyo sahihi. Ni siku mbili. Jumamosi nilikaa na mke wangu. Jumapili nilimzika. Jumatatu nilikunywa chai kwa mama, nikachukua jembe. Huyu bwana leo anataka kunipunguzia siku. Alikuwa wapi na huruma hiyo alipokuwa anaandika?"

Wakili wake alimvuta shati, akamwomba anyamaze. Isihaka akamtoa mkono. "Usinivute. Mtu aliyemwua mke wangu kwa kalamu hawezi kuniokoa kwa mdomo. Ni siku mbili, Mheshimiwa. Andika mbili."

Jaji aliweka kalamu chini. Wakapumzika hadi saa nane. Waliporudi jaji alisema amehuzunika kwa Fatu, akayasema maneno makali juu yangu ambayo yatakuwa yameandikwa mahali fulani, kisha akasema mtu akikataa mwenyewe mlango uliofunguliwa, sheria haiwezi kumsukuma ndani. Isihaka atanyongwa. Wakili anaandika kuomba msamaha kwa Gavana, lakini Isihaka hajataka kuweka sahihi.

Nilijaribu kumwona gerezani leo asubuhi. Alikataa.

Usinijibu barua hii, nitakuwa nimekwisha kuondoka. Nitafika Nkowe Jumatatu kwa lori la Protasi. Bi Mwamina bado hajui, wakili amenihakikishia hakuna aliyetumwa. Wewe, Halfani, Mjomba, Dionisia, mtu yeyote, asimwambie kabla yangu. Sitapitia kwako kwanza. Nitashuka njia panda, niende moja kwa moja kwenye kile kibanda mlichomjengea baada ya moto, nimwambie mwanawe amehukumiwa nini, na barua ya tarehe 14 Aprili niliiandika mimi.

Akinipiga, msimshike.

Mdogo wako,
Mbaruku.